Kinanda Kikinyamaza Siku ya Kurekodi: Tutafute Kosa Wapi?

Jumamosi moja tulikusanya kwaya ili turekodi nyimbo za mama mmoja mzee wa kanisa letu. Nyimbo hizo hazijaandikwa popote, ziko kichwani mwake tu. Mafuta ya jenereta yalinunuliwa kwa mchango wa waimbaji wenyewe. Mpiga kinanda akabonyeza, kompyuta ikabaki kimya. Tukafuta programu, tukaiweka upya, tukagusa hili na lile bila mpango. Muda wa saa mbili ukapita, mafuta yakaisha, na mama akarudi kwake kabla ya giza kuingia.

Kesho yake tuligundua kosa: traki ilikuwa imewekwa kusikiliza mikrofoni, si kinanda. Tangu hapo tunafuata utaratibu huu, na tunawapa ndugu wa makanisa mengine ili wasipoteze siku kama sisi.

MIDI si sauti

MIDI ni lugha ambayo vyombo vya muziki vinaitumia kuwasiliana tangu mwaka 1983. Waya wake haubebi sauti hata kidogo. Unabeba maagizo: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu gani, na imeachwa lini. Sauti inatengenezwa na ala iliyo ndani ya kompyuta. Kisha draiva ya sauti, yaani programu ndogo inayounganisha kompyuta na kadi ya sauti, inaifikisha kwenye spika.

Kwa hiyo kuna safari mbili: ya kinanda mpaka kwenye programu, na ya programu mpaka kwenye spika. Kabla ya kugusa chochote, tujue ni ipi iliyokatika. Sisi tunatumia REAPER kwenye Windows. Tunaweka traki tayari kwa kurekodi, tunaichagulia MIDI kuwa ingizo lake, kisha tunabonyeza noti. Kipimo cha traki kikicheza, maagizo yamefika, na kosa liko upande wa sauti. Kisipocheza, kosa liko upande wa kinanda.

Kama maagizo hayafiki

1. Angalia waya. Waya nyingine za USB ni za kuchaji simu tu, hazipitishi habari. Kwa kinanda cha zamani chenye tundu la pini 5, OUT ya kinanda inaingia kwenye IN ya kompyuta.

2. Angalia kama Windows inakiona kinanda kwenye Device Manager. Kama hakipo, jaribu tundu lingine la USB. Vinanda vingi vya sasa havihitaji draiva ya pekee, ila vingine vya zamani vinahitaji ile ya kiwanda chake.

3. Fungua Preferences kwa kubonyeza Ctrl na P, uende sehemu ya MIDI, uhakikishe kinanda kimeruhusiwa kuingiza. Washa kinanda kwanza, ndipo ufungue programu. Funga pia programu nyingine za muziki, kwa maana mara nyingi kwenye Windows moja ikishika kinanda, nyingine inanyimwa.

4. Rudi kwenye traki. Ingizo liwe MIDI, vinanda vyote, chaneli zote. MIDI ina chaneli 16. Kinanda kikituma kwenye chaneli ya 2 na traki ikisikiliza ya 1 tu, hutasikia kitu.

Kama yanafika lakini hakuna sauti

Je, kuna ala kwenye traki? Bila ala, maagizo hayana wa kuyatekeleza. Weka ReaSynth, inayokuja pamoja na REAPER, kwa kujaribu tu. Hakikisha pia kwamba usikilizaji wa traki umewashwa.

Kisha fungua Preferences, Audio, Device. Kama kadi yako ya sauti ina draiva yake ya ASIO, itumie hiyo. Kama huna kadi, chagua WASAPI, au weka ASIO4ALL. Mara nyingi draiva ya ASIO haikubali programu mbili kwa pamoja, basi funga video zilizo wazi. Wenye kompyuta ya Mac wanatumia Core Audio, ambayo imo tayari.

Kama sauti inachelewa au inakatika

Hapo tazama bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, bafa ya 128 inachelewesha karibu milisekunde 3, na ya 1,024 karibu milisekunde 23. Kwa kupiga na kurekodi, anza na 128 au 256. Sauti ikikwaruza, ongeza kidogo kidogo. Kwa kuchanganya sauti baadaye, 1,024 inafaa, kwa kuwa hakuna anayepiga.

Wimbo ukipanda sauti na kwenda mbio kuliko ulivyoimbwa, linganisha kiwango cha sampuli cha programu na cha kadi. Kimoja kikiwa 44,100 na kingine 48,000, ndiyo sababu.

Ukisikia mvumo usioisha, chomoa chaja, utumie betri ya kompyuta. Mvumo ukikoma, tatizo ni la umeme, si la draiva. Na pedali ikifanya kinyume, zima kinanda, uichomeke bila kuikanyaga, ndipo uwashe tena.

Neno la mwisho

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ujaribu, uandike ulichobadilisha. Na fanya majaribio haya Ijumaa, si Jumamosi mbele ya kwaya.

Yule mama alirudi majuma mawili baadaye. Tulikuwa tumejaribu kila kitu tangu jana yake, na kabla ya jua kutua nyimbo zake nne zilikuwa zimehifadhiwa. Nyingine bado anazo kichwani, na tumekwisha kupanga siku.