Interna yetu haikuuawa na vita



Katika mkutano mkuu uliopita tulibishana sana, na wengine walitoka na hasira. Rafiki moja wa chama alisema yuko tayari kututafutia mabati ya kufunika tena nyumba za kulala za shule yetu ya zamani, ile ya kilimani. Wengi walipiga makofi. Mzee moja akasimama, akasema: "Vita njo ilibomoa, sasa amani itajenga." Mimi nilinyoosha mkono, lakini saa ilikuwa imekwisha. Rais wa chama akaniambia: "Mwalimu, yale unataka kusema, uandike mu jarida." Basi, naandika.

Neno langu ni moja: vita haikuua ile shule. Vita ilikuta imekwisha kufa. Na kama hatusemi ukweli namna ilikufa, mabati mapya yatafuata njia ile ile ya mabati ya zamani.

Jina la shule sitaliandika. Waliosoma kule wanaijua, na mengine nitakayosema yanagusa watu wangali wazima, ambao wajukuu wao wanakaa kalasi moja na wajukuu wetu.

Toka mwanzo

Kwetu huku kando ya ziwa Tanganyika, masomo yalifika mapema. Mwaka wa 1883 ofisa Mbelgiji, Émile Storms, alijenga ngome kule Mpala. Mwaka wa 1885 ngome ikapewa Mapadri Weupe. Mwaka wa 1893 wakaanzisha misioni ya Kirungu, wakaiita Baudouinville. Watoto wengi wa kwanza wa hizo misioni walikuwa watoto waliokombolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Hawakuwa na mama wala baba wa kurudia jioni. Kwa hiyo kwetu shule na kulala shuleni vilizaliwa pamoja. Interna haikuanza kuwa kitu cha watoto wa watu wakubwa. Ilianza kuwa nyumba ya watoto wasiokuwa na kwao. Sisi tuliorudi toka ukimbizini, hilo tusilisahau.

Katika Mpala njo alisoma Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu. Tarehe 21 Julai 1917 akapewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongomani wakati wa Wabelgiji. Wazee wetu waliposema "ukisoma utafika kama Kaoze", walikuwa wanasema juu ya mtu waliyemwona kwa macho.

Kuna jambo lingine la zamani ambalo watu hawalisemi. Mwaka wa 1906 serikali ya Leopold ilipatana na Roma: misioni itapata udongo, hektari 100 mpaka 200 kwa kila misioni, na yenyewe itafundisha watoto. Misaada ya pesa ilikuja nyuma, na Waprotestanti walipaswa kungoja mpaka mwaka wa 1948 ili wapate na wao. Msingi wa shule ulikuwa shamba. Mushike hilo, juu nitalirudilia mwishoni.

Namna tulikula

Mimi niliingia interna mwaka wa 1972, mwaka ule tuliacha majina ya ubatizo na kuchukua majina ya wababu. Nilikuwa na sanduku ya bati, blanketi moja, sahani, kijiko na jembe. Jembe lilikuwa lazima. Asiyekuwa na jembe alirudishwa nyumbani kulichukua, hata kama kwao ni safari ya siku mbili.

Kengele ilikuwa rimu ya kamyo iliyotungikwa kwenye mwembe. Saa kumi na moja ya asubuhi inalia, tunaoga maji baridi, tunaenda kusali, kisha kalasi. Mchana bukari na maharagi, mangaribi bukari na sombe, na siku ya Posho ndagala. Saa tisa mpaka saa kumi na moja tulikuwa shambani: mihogo, mahindi, karanga. Kulikuwa na ng'ombe, na mashini ya kusaga iliyosagia kijiji chote kwa malipo. Kamalizio ya kila mwezi, bruda aliyekuwa ekonomi alikuwa anasoma mbele yetu wote kitabu cha hesabu: magunia tuliyovuna, magunia tuliyokula, chumvi na sabuni vilivyonunuliwa. Tulikuwa tunasinzia. Leo njo najua kama ile saa ya kusinzia ilikuwa somo kubwa kuliko yote.

Sitaki kudanganya vijana kwamba ilikuwa paradiso. Aliyesikiwa anasema Kitabwa ao Kiswahili alivikwa kipande cha ubao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwingine. Viboko vilikuwa vingi. Na wasichana hawakuwako hata moja. Dada yangu alikuwa na akili kunipita, lakini yeye alibaki kupika ili mimi nipate minervali. Kama tunalia juu ya shule ya zamani, tujue tunalia shule iliyofunga mlango kwa nusu ya watoto wetu.

Kifo cha polepole

Mwisho wa mwaka wa 1974 Leta ilinyang'anya makanisa shule zote. Kwetu tulirudi toka likizo, tukakuta bruda ekonomi hayuko, na kitabu cha hesabu hakisomwi tena. Wakuu wapya walisema chakula kitatoka Kinshasa kwa bajeti. Mara mbili tatu pesa ilifika. Kisha ilianza kuchelewa, na ng'ombe wakaanza kupungua. Wanafunzi tulifurahi, juu tulikula nyama kila juma. Hakuna aliyeuliza.

Tarehe 26 Februari 1977 Leta ilipatana na Wakatolika, Waprotestanti na Wakimbangisti, ikawarudishia shule. Njo hizi tunaita hata leo shule za konvansyo. Lakini kilichorudishwa kwetu kilikuwa nyumba na watoto. Ng'ombe hawakurudi. Mashini ilikuwa imeharibika. Shambani watu walikuwa wamekwisha kukata viwanja. Nilipopata diploma ya Leta, mwaka wa 1978, tulikuwa tunakula mara moja kwa siku.

Nikarudi pale kufundisha. Miaka ya 1980 njo ilikuwa miaka ya kubana mkanda: Leta ilikuwa na deni kubwa, na wale wa kukopesha walitaka ipunguze matumizi. Maelfu ya walimu waliondolewa kazini nchi nzima. Pesa za kulisha interna hazikuja tena. Halafu Moba ikapigwa mara mbili, mwezi wa Novemba 1984 na mwezi wa Juni 1985, na wazazi wengi wakaogopa kuacha watoto mbali. Nyumba ya kulala ya kwanza ikafungwa. Ya pili ikawa gudulia ya mahindi ya mutu.

Miaka ya 1990 ilimaliza iliyobaki. Walimu tuligoma, juu mshahara wa mwezi haukununua hata sabuni. Mwezi wa Oktoba 1993 walitoa pesa mpya: zaire mpya moja ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni tatu. Mfikiri mwenyewe maana yake kwa mutu aliyekuwa ameweka akiba. Hapo njo wazazi walianza kulipa walimu kutoka mifukoni mwao, ile pesa tuliita primu. Ilipangwa kuwa ya muda mfupi. Ilikaa zaidi ya miaka 25.

Sasa nitasema la kwangu. Mwaka huo tulikuwa na miezi tisa bila mshahara. Mkuu wa shule akatuita, akasema: "Pesa hakuna. Kila moja achukue kitu." Mwenzangu moja alichukua vioo vya madirisha. Mwingine mbao za meza. Mimi nilichukua vitanda viwili vya chuma. Nilipewa na karatasi yenye muhuri, kila kitu kwa sheria. Nilivibeba usiku, juu nilisikia haya.

Na miaka miwili nyuma yake nilikuwa sokoni, nikanunua karanga za kuchemsha. Mama alinifungia ndani ya karatasi ya mistari. Nilipomaliza kula nikaikunjua. Ilikuwa ukurasa wa kitabu cha majina cha interna, wa mwaka wa 1973. Majina ya wenzangu yalikuwa mle, kwa mwandiko wa bruda, na mbele ya kila jina amepiga alama: blanketi, sahani, kijiko, jembe. Hakuna askari aliyekuwa bado amefika kwetu. Hakuna risasi iliyokuwa imepigwa. Kitabu kilikuwa kimeuzwa kwa kilo, na sisi wenyewe.

Vita na ukimbizi

Vita ya mwezi wa Agosti 1998 ikaja. Tukavuka kuingia Zambia, na Pweto ilipoanguka mwezi wa Desemba 2000, wengine wengi wakatufuata. Tulikaa Kala, wengine Mwange. Ni kweli, kwa miaka ile mabati yaliondolewa, milango ikachomwa kuni. Sikatai. Lakini yalikuwa mabati juu ya nyumba tupu.

Kule kambini tulifundisha chini ya miti, kisha chini ya mahema ya HCR. Ubao ulikuwa bati lililopakwa masizi ya betri. Tulifuata programu ya Congo, kwa Kifaransa, juu tulisema siku moja tutarudi. Wasichana walikaa mstari wa mbele pamoja na wavulana. Kila Posho kamati ya wazazi ilihesabu chaki mbele ya wote, kipande kwa kipande. Mimi nilikumbuka bruda. Hatukuwa na ukuta, hatukuwa na kitanda, lakini ile ilikuwa shule, na ile ya kilimani, yenye kuta za matofali, ilikuwa imeacha kuwa shule mbele hatujakimbia.

Toka mwaka wa 2007 mashua zilianza kuturudisha, Mpulungu mpaka Moba. Mwaka wa 2010 kambi zikafungwa. Tulikuta kuta, na ule mwembe. Rimu haikuwako.

Sasa tufanye nini

Mwezi wa Septemba 2019 Leta ilianza kutimiza elimu ya bure ya primeri, ile iliyoandikwa katika Katiba ya 2006. Ni neema, na kalasi zimejaa. Lakini mtoto akimaliza primeri kule milimani, sekonderi iko mbali. Wavulana wanapanga vyumba karibu na soko. Wasichana hawapangi, wanaolewa. Hapo njo interna inatakiwa, na mimi siko kinyume nayo. Niko kinyume na kuanza kwa mabati.

Kwa wafadhili wetu nasema kwa heshima: nyumba inapigwa picha vizuri, lakini kilichoanguka kwetu kwanza haikuwa nyumba. Kwanza kilianguka kitabu cha hesabu. Nyuma yake shamba. Nyuma yake mshahara wa mwalimu. Paa lilikuwa la mwisho. Ukitaka kusimamisha kitu kilichoanguka, unaangalia kilianza kuanguka wapi.

Kwa memba nasema mambo matatu, na najua la kwanza litauma.

La kwanza ni udongo. Shamba la shule, leo tunalima sisi. Siyo wageni, ni sisi tuliorudi na wale waliobaki. Na mimi niko na kipande mle. Hatukuiba, tulirudi bila kitu na tulikuta pori. Lakini interna bila shamba itakula mwaka moja, mwaka ambao mfadhili analipa, kisha itafunga. Natoa wazo: kila anayelima mle aachie sehemu moja juu ya tatu, kwa karatasi, mbele ya shefu wa kijiji na paroko. Mimi nitaanza na yangu.

La pili, nyumba ya kwanza iwe ya wasichana, ndogo, vitanda ishirini, na mama wa kuwalinda aliye na mshahara. Deni tuliloachia dada zetu lina miaka mingi.

La tatu, hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi, na watoto wenyewe wakiwepo. Hata wakisinzia.

Hayo yakikubaliwa, mabati yaje, nami nitabeba ya kwanza.

Vitanda vyangu viwili, kimoja kilipotelea vitani. Kingine dada yangu alikificha kwa miaka yote tuliyokuwa Zambia, yule yule ambaye hakusoma. Kiko nyumbani kwake, kimepata kutu miguuni, lakini kinashika. Siku ya mkutano mkuu ujao nitakileta. Wengine kati yenu mnajua viko wapi vioo, mbao na mabenchi. Hakuna atakayeulizwa alivipata namna gani. Vileteni tu.