Kiboko Anaishi Wapi?

Watu wa rika langu hatusemi "elimu ya awali". Tunasema shule ya vidudu, na sijawahi kukutana na mzazi aliyeliona jina hilo kuwa ni tusi. Kidudu ni kitu kidogo kisichotulia, kinachoingia kila tundu na kugusa kila kitu. Nani basi anafaa zaidi kufundishwa habari za wanyama na makao yao? Hata hivyo, nilipoanza kazi hiyo mwaka 1979, msichana wa miaka 21, jambo la kwanza nililowataka vidudu wangu walifanye ni kukaa kimya mkekani.

Kituo chetu kilikuwa katika kijiji kimoja cha Rufiji. Ili nieleweke, yanipasa kurudi nyuma kidogo. Zamani watu wengi wa huko waliishi bondeni kwenyewe, kando ya mashamba yao ya mpunga. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji: watu wakahamishwa kutoka bondeni wakapangwa katika vijiji vya sehemu za juu. Nyumba zilihama, mashamba hayakuhama. Udongo wenye rutuba ulibaki kule chini, kwa hiyo msimu ulipofika familia nyingi zilishuka tena, zikakaa wiki kwa wiki katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakiulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe mwitu na viboko.

Mtoto aliyelelewa dunguni hakuhitaji mwalimu wa wanyama. Alfajiri aliamia ndege pamoja na kaka zake, akipiga kelele na kurusha madongo. Jua likiwa kali alifinyanga viboko na mamba kwa udongo wa mto, akawachimbia njia na kuwajengea kingo. Usiku alilala juu na kusikiliza nani anapita chini. Ilikuwa kazi, ilikuwa mchezo, na hakuna aliyejisumbua kutenganisha viwili hivyo. Sitaki kuyapamba maisha yale. Palikuwa na mbu, njaa na hofu ya kweli. Lakini elimu ilikuwapo.

Kisha tukaja sisi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilihimiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na mwaka 1977 mpango huo ukaanza kutekelezwa nchi nzima. Kaka na dada waliokuwa wakilea wadogo zao wakaingia darasani. Akina mama nao walikuwa na mashamba yao na ya kijiji. Wadogo wakabaki bila mlezi, na ndiyo maana vituo vya kulelea watoto mchana vikawa haja kubwa vijijini. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, uliipigania sana haja hiyo. Mwaka 1981 vituo hivyo vikatungiwa sheria. Lilikuwa jambo jema, na mpaka leo nalitetea. Uji wa saa nne peke yake uliokoa wengi.

Tatizo lilikuwa chati. Ilikuwa karatasi ngumu yenye picha: ng'ombe zizini, kuku bandani, simba msituni, kiboko majini. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwa fimbo na kuuliza, na watoto waitikie kwa pamoja. Siku moja niliuliza, "Kiboko anaishi wapi?" Kabla wenzake hawajaitikia, mtoto mmoja wa kiume, wa miaka mitano hivi, akasema kwa sauti, "Shambani kwetu." Wenzake walicheka. Nami nikacheka, kisha nikamsimamisha arudie mara tatu: majini, majini, majini.

Jioni bibi yake alikuja. Hakuja kugomba. Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani kwetu, kisha akasema, "Mwalimu, huyu mjukuu wangu anasema umemfundisha kuwa kiboko hatoki mtoni. Sasa usiku anataka kushuka peke yake dunguni kwenda haja. Naomba umrudishie akili yake ya kwanza."

Sikuwa na jibu. Kiboko hushinda majini mchana kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Usiku hutoka kwenda kula majani, kiasi cha kilo 40, na mara nyingi hupita njia ile ile aliyozoea. Hatari kubwa ni kusimama baina yake na maji. Haya yote mtoto aliyajua kwa namna yake. Chati ilijua nusu, na mimi nilikuwa upande wa chati. Hata yule simba wa msituni alikuwa wa kuazima: simba hupenda nyika na pori la wazi kuliko msitu mnene.

Miaka mingi baadaye nilipata kusoma habari za Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyelipa jina lake kindergarten, yaani bustani ya watoto, mwaka 1840. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha michezo ya mama na mtoto, ambamo vidole vya mkono hugeuka kuwa kiota cha ndege, nyumba ya njiwa na samaki kijitoni. Mtoto wake alikijua kiota kwa kukifanya kwa mikono yake. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka 1851, ikiamini zinaeneza siasa mbaya na kumkana Mungu. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, kwani mimi nami niliwahi kupiga marufuku udongo mkekani kwa sababu unachafua.

Na sisi tulikuwa na vyetu bila Fröbel. Angalia mchezo wa mwewe na vifaranga: watoto hushikana viunoni nyuma ya mama kuku, mwewe anamtafuta wa mwisho, na kila mmoja anajifunza kwa miguu yake kwamba usalama wa kifaranga ni kuwa karibu na mbawa. Angalia ule mchezo wa nyama, kiongozi anataja wanyama na watoto wanaruka akitajwa anayeliwa. Kwetu Rufiji, kwa kuwa wengi ni Waislamu, aliyeruka kwa nguruwe alitolewa. Mahali pengine angetolewa asiyeruka.

Baada ya bibi yule kuondoka nililala nikiwaza, na kesho yake niliwatoa watoto nje. Tulichora mto kwa majivu uwanjani. Huku maji, huku matete, huku mpunga, na kichuguu tukakiita dungu. Wengine wakawa viboko, wengine mamba wa ukingoni, wengine kwelea juu ya mpunga, wengine watu. Nikipiga kofi moja ni mchana, mawili ni usiku. Kwa kofi mbili viboko walitoka majini wakila, watu wakapanda kichuguu, na kwelea wakalala. Aliyekosea mahali pake alicheka mwenyewe akarudi. Mwezi ule nilijifunza mambo mengi kuliko niliyofundisha. Mtoto mmoja wa kike alikataa katakata kuwa mamba kwenye maji ya katikati, akasema mamba humngoja mtu pale anapochotea.

Mambo haya si ya kupendezesha tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulieleza kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 560, wengi wao kusini, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia. Sababu moja kubwa ilikuwa nguruwe mwitu: wanafuata mazao, simba anawafuata wao, na mkulima yuko katikati, amelala shambani akilinda. Mama yangu mzazi, asiyejua kusoma, alikuwa akisema hivyo hivyo.

Mombasa, katika miaka ya 1980, walianzisha shule za awali za madrasa chini ya mradi uliosaidiwa na Mfuko wa Aga Khan, uliofika Zanzibar mwaka 1990 na baadaye Uganda. Zana zao zilikuwa vifuu, mbegu na makombe ya pwani. Niliposikia nilifurahi kama mtu aliyepata ndugu. Kwetu Tanzania Bara, sera ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ile ya 2014 ikaifanya ya lazima. Michezo sasa imo katika mtaala. Katika madarasa yenye watoto wengi kupita kiasi, hata hivyo, chati bado inarahisisha kazi, na simwonei kinyongo mwalimu anayeishika. Ninachokiona kigeni zaidi ni dubu na pengwini wa plastiki katika baadhi ya shule za mjini, hali mtoto hajui kunguru wa uani kwake analala mti gani.

Yule mtoto wa kiboko sikumwomba radhi. Siku ile ya majivu nilimpa kofi za usiku azipige yeye, na akazipiga kwa nguvu zote mpaka viganja vikawa vyekundu. Mwaka uliofuata akaingia darasa la kwanza, kwa mwalimu mwingine.