Banda la Kuku katika Nchi ya Mara

Hapo kale, katika miji ya Wakurya wa Tarime na ya Waikoma wa Serengeti, mtu alijenga boma la ng'ombe, nyumba na ghala la ulezi. Kuku hakujengewa kitu. Asili yake ni Asia, naye alivuka bahari hata pwani yetu. Alipofika bara akalazwa ndani, karibu na mafiga. Desturi hiyo ilikuwa na maana: kicheche na mwivi hawakumfikia. Lakini kinyesi na utitiri vililala pamoja na watoto.

Banda jema la nje lafanana na lile ghala. Husimama juu ya miguu ya miti, sakafu yake ni fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kianguke chini, na paa lake ni la nyasi.

Walakini adui mkubwa ni ugonjwa wa kideri, uliotambulikana mwaka 1926 huko Java na Newcastle, Uingereza. Tena, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, miaka ya 1973 hata 1976, nyumba zilikaribiana, na kideri hupita upesi kwa jirani.

Banda peke yake halikizuii. Lakini alfajiri, kabla ya kufunguliwa mlango, kuku wote wamo. Kila aliye mzima hutiwa jichoni tone moja la chanjo ya I-2, kila miezi 3. Wakiisha kutawanyika, nani atawakamata?

Basi, tujengapo, tusimfikirie mwivi tu. Tuweke mlango upitao mkono hata pembe ya mwisho.