Elvire alikuwa anakohoa

Nilipokuwa sekondari tulisoma vitu viwili, na hakuna aliyetuambia kwamba ni vya nyumba moja. Saa ya fizikia ilikuwa sheria ya Charles: gesi ikipata joto inapanuka. Saa ya Kifaransa tulikariri "Le Lac" ya Lamartine. Kumbe mwanamke anayeliliwa katika shairi lile alikuwa mke wa huyo huyo Charles wa gesi!

Jina lake Julie. Alizaliwa 1784, na mwaka 1804 akaolewa na Jacques Charles, aliyemzidi zaidi ya miaka 37. Bwana huyo alishapaa juu ya Paris kwa puto la hidrojeni mwaka 1783, mkewe hata hajazaliwa. Mwaka 1816 Julie alikwenda Aix-les-Bains, kwenye maji ya moto ya tiba, kwa sababu ya kifua kikuu. Hapo akakutana na Alphonse de Lamartine, kijana asiye na kazi, mdogo wake kwa miaka sita. Wakaahidiana kuonana tena mwaka unaofuata kando ya ziwa Bourget. Kijana alifika. Julie alishindwa kusafiri, ugonjwa ulishamzidi. Shairi liliandikwa katika kungoja huko, mwenyewe akiwa bado hai. Alikufa Desemba 1817.

Sasa litafute umbo lake ndani ya "Le Lac". Hakuna nywele, hakuna pua. Kuna miguu inayoguswa na povu la maji, na sauti inayoomba wakati usimame. Basi. Yaliyobaki wasomaji walijaza wenyewe. Kitabu kilipotoka mwaka 1820, na mpenzi akiitwa Elvire katika mashairi mengine, watu walimwona binti mwembamba, mweupe kama karatasi, macho yanang'aa, nusu malaika. Ndivyo mrembo wa mashairi alivyotakiwa kuwa enzi zile. Waliamini hata kwamba kifua kikuu kinasafisha roho. Mtu anakonda, ngozi inapauka, mashavu yanawiva kwa homa, nao wanasema: uzuri ulioje! Robert Koch alionyesha kijidudu chake mwaka 1882, na dawa ya kukiua ikaja miaka ya 1940.

Mimi nisingejali sana haya (ni mapenzi ya Wazungu wa zamani, bwana) kama si Jumamosi moja hapa kambini. Kwenye kikundi chetu cha vijana, kaka mmoja alisoma shairi la kumsifu dada aliyekaa mstari wa nyuma. Kiuno kama cha nyigu, shingo ndefu, macho kama taa usiku. Tulipiga makofi. Mimi kiongozi nilipiga kuliko wote. Dada akaziba mdomo kwa kitenge, tukadhani ni haya. Alikuwa anakohoa. Zilipita wiki kadhaa ndipo mama yake akampeleka kupimwa makohozi, na ikawa ndiyo hiyo TB. Sote tulikuwa tumemwona anavyokonda. Tulikuwa tumeona vizuri kabisa, mpaka tukatungiwa shairi.

Nilipokwenda kumsalimu nilimsimulia habari za Julie, nikidhani zitamfariji. Akaniuliza, "Na yeye mwenyewe aliandika nini?"

Swali hilo mwalimu wetu hakuwahi kulisikia, wala mimi sikuwahi kuliuliza. Aliandika barua. Nyingi zimepotea, chache zilizobaki zilichapishwa mwaka 1905, karibu miaka 90 baada ya kifo chake. Humo hakuna malaika. Kuna mwanamke wa miaka 32, mke wa mtu, mgonjwa, anayempenda Lamartine na kumwita mwanangu.

"Mwanangu?" dada akacheka hadi kikohozi kikamrudia. "Hiyo mbona hawakuwafundisha?"

Amemaliza vidonge vya miezi 6 na kilo zake zimerudi. Anakuja kila Jumamosi, sasa anakaa mstari wa mbele. Yule kaka bado hajasoma shairi lingine.