Kwa nini Mwalimu aliandika "Mabepari"?

Wadau, hapa Buhemba wanunuzi wa dhahabu huitwa wafanyabiashara. Sijasikia mtu akiwaita mabepari. Nikamkumbuka jirani yao wa Butiama, Mwalimu Nyerere. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka kwa jina Mabepari wa Venisi. "Merchant" angeweza kumwita tajiri, mfanyabiashara, hata mchuuzi (hapana, mchuuzi hana merikebu!). Bepari lenyewe limetoka Kigujarati, na huko ni mfanyabiashara tu. Siasa zetu ndizo zilizoligeuza tusi. Tena Shakespeare alitaja mmoja, Antonio. Mwalimu akaweka wingi. Basi Antonio, anayekopesha bila riba, amefungwa kamba moja na Shylock tangu kwenye jalada.