Kulala Kisangani kwa feza kidogo: mambo ya kupanga mbele ya kusafiri

Kila juma watu wa Ituri, Kivu ya Kaskazini, Maniema na Haut-Uele wanafika Kisangani. Mumoja anafuata mugonjwa hospitalini, mwingine anasindikiza mutoto anayeingia Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS), mwingine analeta mizigo ya kupakia kwa mashua ya kwenda Kinshasa. Wengi hawana jamaa katika muji huu. Wanapanga chumba kwa siku tatu, kazi inachukua siku kumi, na feza ya kurudia nyumbani inaishia hoteli.

Haya ndiyo mambo ya kujua na kuhesabu kabla ya kufunga mukoba.

Muji umekaaje

Kisangani, zamani Stanleyville, ni makao makuu ya jimbo la Tshopo tangu mwaka 2015, wakati Jimbo la Mashariki (Province Orientale) lilipogawanywa kuwa majimbo mane: Tshopo, Ituri, Haut-Uele na Bas-Uele. Iko na komuni sita. Tano ziko ngambo ya kuume ya muto Congo: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani. Ya sita, Lubunga, iko peke yake ngambo ya kushoto.

Makiso ndiyo kati ya muji. Huko kuna soko kuu, benki, ofisi za serkali, bandari na kanisa kuu la Wakatoliki karibu na muto. Hoteli nyingi ziko Makiso, na ndiko bei inapanda. Mangobo, Tshopo na Kabondo ni komuni za wakaaji. Vyumba huko ni vya bei ya chini, lakini kila kutembea kunadai moto. Uwanja wa ndege wa Bangboka uko kilomita kama 17 toka kati ya muji, kwa hiyo feza ya moto ao taxi ya kwenda na kurudi iwekwe ndani ya hesabu toka mwanzo.

Lubunga inadai akili yake. Musafiri anayetoka Kindu kwa mashua hadi Ubundu, halafu kwa gari-moshi ao kwa moto kwenye njia ile ya kilomita 125, anafikia Lubunga. Akichelewa hata ikawa usiku, ni heri alale Lubunga na kuvuka asubuhi kuliko kupanda mutumbwi gizani. Lakini aulize kwanza wenyeji kuhusu usalama. Tangu Februari 2023 ugomvi wa Wambole na Walengola juu ya udongo umeleta vifo na wakimbizi katika Lubunga na Ubundu.

Aina za malazi

Mutu mwenye feza kidogo anaweza kuchagua kati ya aina ine.

Ya kwanza ni nyumba za wageni za makanisa: prokire za mapadri, nyumba za masista, na vituo vya wageni vya makanisa ya Kiprotestanti. Vyumba ni vya kawaida, mahali ni safi, na mulango unafungwa mapema. Zinajaa haraka wakati wa mikutano ya kanisa, kwa hiyo inafaa kupiga simu siku nyingi mbele. Mara nyingi barua ya padri ao muchungaji wa nyumbani inasaidia kupata nafasi.

Ya pili ni hoteli ndogo na flati hoteli za kartie. Hapa musafiri aulize jambo moja bila haya: nyumba inapokea watu wa saa moja ao mbili, wale wa «pasaje»? Nyumba ya namna hiyo iko na kelele usiku kucha, na mara nyingi iko na nganda chini yake. Kwa mama anayesafiri na watoto, ao mwanafunzi anayejifunza mtihani, bei ndogo ya hapo inageuka mateso.

Ya tatu ni chumba cha kupanga kwa mwenye nyumba, kwa juma ao kwa mwezi. Kwa mutu anayekaa zaidi ya majuma mawili, hii ndiyo njia inayopunguza gharama zaidi. Lakini mapatano yaandikwe, hata kwa karatasi ya daftari: bei, tarehe ya kuingia, garanti iliyolipwa na siku itakaporudishwa. Mugeni ajijulishe pia kwa shefu wa kartie.

Ya ine ni jamaa ao watu wa kwao. Hata hapo si bure. Mugeni mwenye adabu anachangia chakula, makala na maji, na anasema toka mwanzo atakaa siku ngapi.

Bei ya usiku si bei ya safari

Kosa kubwa la wasafiri ni kuchagua chumba kwa kutazama bei ya usiku peke yake. Tuchukue hesabu ya mufano, si bei ya hoteli fulani.

Mama na dada yake wanalinda mugonjwa katika hospitali ya Makiso. Chumba kimoja karibu na hospitali kinaombwa dola 15 kwa usiku. Kingine, mbali katika Mangobo, ni dola 10. Wanaona wataokoa dola tano kila siku. Lakini hospitali zetu hazipikii wagonjwa. Jamaa ndio wanaleta chakula, asubuhi na jioni. Kila mumoja wao anaenda na kurudi mara mbili kwa siku. Hizo ni kozi nane za moto. Kama kozi moja ni franga 2 000, ni franga 16 000 kwa siku. Tukivunja dola moja kwa 2 500, ni dola 6 na senti 40. Chumba cha dola 10 kimefika dola 16 na senti 40. Chumba cha karibu ndicho cha bei ya chini, na tena wanaweza kutembea kwa miguu usiku mugonjwa akizidiwa.

Hesabu hii inaweza kugeuka. Wakipanda wawili kwa moto moja, ao wakipokezana mumoja asubuhi na mwingine jioni, Mangobo inarudia kuwa na faida. Neno ni kwamba kila mutu aandike kozi zake za kweli kabla ya kusema chumba fulani ni rahisi.

Zamani watu wa feza kidogo walikuwa na toleka, zile baiskeli za kubeba watu zilizojulisha Kisangani. Jina linatoka kwa Lingala, «tupite». Leo moto ndizo zimejaa barabarani. Bei inapatanwa kabla ya kupanda, na inapanda wakati wa mvua na usiku.

Maswali ya kuuliza kwa simu

Meneja akisema «chumba kipo», mazungumuzo hayajaisha. Inafaa kuuliza:

– Bei ni ya chumba ao ya mutu? Mutoto analipa?
– Chai ya asubuhi iko ndani ya bei?
– Umeme unapatikana saa ngapi? Muji unategemea kituo cha SNEL kwenye muto Tshopo, na kukatika ni jambo la kawaida. Kama hoteli iko na jenereta, inawaka toka saa ngapi mupaka saa ngapi?
– Maji ya Regideso yanafika chumbani, ao ni ya ndoo?
– Kuna chandarua, na hakijatoboka?
– Mulango unafungwa saa ngapi usiku?
– Siku ya kutoka, chumba kinarudishwa saa ngapi? Mutu akipitisha saa ile anaweza kulipishwa usiku mwingine.
– Anayekaa juma nzima anapunguziwa kiasi gani?

Kufika na kuona kwanza kunapita simu. Mutu anayeweza alipe usiku moja tu, ajaribu bomba, taa, kufuli na kitanda, na kesho yake apatane bei ya siku zinazobaki. Kwa kila malipo aombe risiti yenye tarehe na idadi ya usiku. Kutuma avansi kubwa kwa simu kwa mutu asiyejulikana ni hatari. Kama ni lazima, itumwe kidogo, na ujumbe wa malipo uhifadhiwe.

Siku za kungoja

Kisangani ni muji wa kungoja. Muto Congo unapitika kwa mashua kubwa toka Kinshasa hadi hapa, safari ya kilomita zaidi ya 1 700. Juu zaidi, maporomoko ya Boyoma yanafunga njia. Mashua na balenieri zinaondoka wakati mizigo imetosha na mafuta yamepatikana. Tarehe inayotangazwa bandarini ni tumaini zaidi kuliko ahadi. Mufanyabiashara anayepanga usiku mbili anaweza kulala nane.

Hospitali ni vile vile: matokeo ya vipimo yanachelewa, operasio inasogezwa. Chuoni, wakati wa kuandikisha wanafunzi wapya, karatasi moja inayokosekana inamurudisha muzazi kwenye mustari kesho yake.

Kwa hiyo wasafiri wenye uzoefu wanagawa feza katika mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa siku walizopanga. Wa pili ni wa siku za kungoja, angalau nusu ya zile walizopanga. Wa tatu ni feza ya kurudi, nayo haiguswi hata kama meneja anapiga hodi. Mutu akiona mufuko wa pili unakwisha, ndio wakati wa kuhamia chumba cha bei ndogo ao kutafuta nafasi kwa jamaa. Akingoja mupaka feza ya kurudi iishe, hana tena nguvu ya kuchagua.

Karatasi

Hoteli inajaza fisha ya kila mugeni: jina, kule anakotoka, kazi, namba ya kitambulisho. Maofisa wa DGM na wa usalama wanaweza kupitia fisha hizo. Kwa kipindi hiki cha vita, mutu anayetoka mashariki asishangae akiulizwa maswali mengi. Ajibu kwa utulivu na aonyeshe sababu ya safari: barua ya hospitali, karatasi ya chuo, ao risiti za mizigo.

Wakongomani wengi wanatumia kadi ya uchaguzi. Shida ni kwamba kadi nyingi zilizotolewa 2023 maandishi yake yamefutika. Mwenye kadi ya namna hiyo aombe dupilikata mapema; aliyepoteza kabisa aende komuni ya kwake kuchukua hati ya kupoteza vitambulisho. Fotokopi mbili ziwekwe mbali na kadi yenyewe.

Feza mukononi

Dola na franga vyote vinatumika. Noti ya dola iliyopasuka hata kidogo, iliyoandikwa ao iliyochakaa sana inakataliwa, kwa hiyo inafaa kukagua kila noti unapopewa. Bei ya chumba ikisemwa kwa dola, uulize mara moja wanapokea franga kwa kiasi gani. Kiasi cha hoteli mara nyingi si kile cha wabadilishaji wa barabarani. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinamuepusha musafiri na kubeba feza zote mufukoni, hasa kwenye barabara ndefu.

Kula, maji na mbu

Kwenye malewa, mutu anakula lituma (ndizi za kutwanga), sombe, ao samaki wa liboke kwa bei ndogo kuliko ya hoteli. Chakula kiwe cha moto. Kipindupindu kilipita katika Tshopo mwaka 2025. Maji ya kunywa yawe ya kuchemshwa, ya kutiwa dawa, ao ya chupa iliyofungwa vizuri.

Kisangani iko karibu sana na ikweta. Joto ni la mwaka muzima, na mvua inanyesha karibu kila mwezi, ikipungua kidogo toka Desemba mupaka Februari. Malaria haina likizo. Chandarua cha kubeba ndani ya mukoba kinagharimu kidogo kuliko matunzo ya homa moja mbali na nyumbani.

Kabla ya kuondoka

Barabara ya taifa namba 4 inaunganisha Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende na Kisangani. Waasi wa ADF wameua wasafiri na wakaaji katika Mambasa na Irumu, na mvua inaharibu njia kwenye msitu. Na tangu vita vya Goma, Januari 2025, ndege za kawaida za abiria zilisimama kwenye uwanja wa Goma, basi wengi wamegeukia njia ndefu zaidi. Anayeondoka asikilize habari za njia siku hiyo hiyo, apange kufika mchana, na aachie mutu mumoja nyumbani jina la hoteli, kartie na namba ya simu ya meneja.

Kama inabaki nusu siku bila kazi, maporomoko ya Wagenia yako katika komuni ya Kisangani, na kwa moto si mbali. Wavuvi wanatega samaki kwa vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji makali. Wageni wanaombwa malipo. Yapatanwe kabla ya kushuka kwenye maji na kabla ya kupiga picha.