Vihisi vya fluoresensi

Vihisi vya fluoresensi ni kemikali za kikaboni zinazowaka, kuzimika au kubadili rangi ya mng'ao zinapokutana na dutu fulani. Zikimulikwa kwa urujuanimno hufyonza mwanga huo na papo hapo kutoa mwingine unaoonekana kwa macho. George Stokes aliipa tabia hiyo jina la fluoresensi mwaka 1852. Kinywaji cha toniki, chenye kwinini, hung'aa buluu kikimulikwa hivyo. Kikitiwa chumvi ya mezani, mng'ao hufifia kwa kuwa kloridi huuzima. Hapo kwinini imekuwa kihisi. Vihisi vya namna hiyo hubuniwa pia kwa ajili ya zebaki na floridi.

Zebaki mkoani Geita

Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, yaani sehemu za kuchenjulia mawe, kama ya Rwamagasa na Nyarugusu, mawe husagwa kwa karasha na kuoshwa, kisha mchanga mzito huchanganywa na zebaki katika karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hunasa dhahabu. Donge likichomwa, zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi na kupaa kama mvuke. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na kusombwa na mvua. Rwamagasa ilichunguzwa chini ya mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, kuhusu zebaki ulioanza 2002, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020.

Zebaki hudhuru mwili kwa sababu hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini. Wakemia huitega kwa salfa hiyohiyo. Kihisi kilichotangazwa na watafiti wa Korea Kusini mwaka 2005 kilitengenezwa kwa rangi ya rodamini 6G iliyounganishwa na salfa, ambayo molekuli yake imefungwa pete na kupoteza rangi. Ioni ya zebaki huing'oa salfa, pete hufunguka, maji yakageuka waridi na kung'aa.

Floridi mkoani Shinyanga

Baadhi ya visima vya Shinyanga vina floridi nyingi, ambayo ikinywewa miaka mingi hutia meno madoa ya kahawia na kudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floridi huvutwa na silikoni. Kwa hiyo rangi hufungwa kwa kifuniko chenye silikoni, na floridi ikikivunja, rangi huwaka.

Mipaka

Kihisi cha rodamini hujibu ioni zilizoyeyuka, si tone la zebaki lililo kwenye karai. Zebaki iliyomo kwenye samaki huwa imefungamana na nyama, hivyo sampuli huandaliwa kwanza. Tope la mialo nalo huziba mwanga. Kiasi halisi bado hupimwa maabara, kama zile za Mkemia Mkuu wa Serikali. Maji ambayo hayakukiwasha kihisi si lazima yawe salama kunywa.